F-150 ya 1985 yenye kabureta ya kompyuta: asubuhi safi, ikipata moto inatoa moshi mweusi na kuzima. Nianzie wapi?

#1 Kisiki85 (Sacramento)
Wakuu habari. Nina Ford F-150 ya 1985, injini ile ya silinda 6 za mstari lita 4.9, gia ya mkono, matenki mawili. Niliinunua mwaka jana kwa jirani yangu mzee aliyeacha kuendesha, imetunzwa, bodi haina kutu, na ndiyo inayonilisha maana wikiendi nawahamishia watu vyombo.

Shida iko hivi. Asubuhi inawaka stata moja na inatulia vizuri tu, ila ikishatembea kama dakika 20 sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inaanza kupanda na kushuka yenyewe, moshi mweusi, harufu ya petroli mbichi mpaka kwenye kabini, nikisimama taa nyekundu inazima. Ikizima haiwaki mpaka ipumzike nusu saa hivi. Mafuta ndio usiseme, ilikuwa inanipa maili 15 kwa galoni sasa hivi 9. Juzi nimeipeleka ukaguzi wa moshi imefeli, CO (gesi ya kaboni monoksidi) imepita kiwango karibu mara 3.

Kabureta ni Carter YFA ya mdomo mmoja lakini ina waya zinaenda kwenye kompyuta. Gereji moja waliniambia kabureta imekufa, wakanifungia nyingine iliyokarabatiwa, hela imeenda na tatizo liko palepale. Plagi nimebadilisha, zinarudi nyeusi masizi makavu ndani ya wiki. Nianzie wapi jamani, usajili unaisha mwezi ujao.

#2 FundiGerezani (Dar)
Mkuu pole. Hizo kabureta za umeme tunazijua sana huku, zile Nissan zenye GA13 na GA15 za mwisho wa miaka ya 80 mwanzo wa 90 zilikuja nazo kibao. Zikisumbua dawa ni moja, unang'oa unafunga kabureta ya kawaida ya mkono, waya zote unazikunja pembeni na gari inaruka. Nimefanya zaidi ya gari ishirini kwa mikono yangu. Usipoteze hela kutafuta sensa.

#3 Mkaa_Mwingi (Nairobi)
Maili 9 kwa galoni ni kama kilomita 3.8 kwa lita wadau. Hiyo ukiileta Nairobi ukitoka Westlands kufika Thika unasimama petrol stesheni mara mbili 😂 Kisiki uza hiyo kitu.

#4 DadaSpana (Houston)
Fundi #2 nakuheshimu ila hapo utamharibia. Kwanza yuko California. Huko gari ya 1975 kurudi nyuma ndio zimesamehewa ukaguzi, ya 1985 inakaguliwa kila miaka miwili na kabla hawajapima moshi wanafungua boneti wanaangalia kama vifaa vyote vilivyotoka kiwandani vipo. Akifunga kabureta isiyo na waya anafeli hata kabla ya kuwasha.

Pili, kwenye hiyo injini kompyuta haishiki kabureta peke yake, inashika na moto pia. Distributa yake haina vyuma vya kusogeza taimingi wala kopo la vakyumu, kila kitu kinatoka kwenye kompyuta ya EEC-IV. Ukizikunja waya pembeni taimingi inabaki palepale pa msingi, nyuzi 10, gari itawaka lakini mlima haipandi na ekzosi itakuwa nyekundu. Kwa hiyo ukitaka kung'oa unang'oa vyote, distributa, moduli, kabureta. Watu wanafanya hivyo kwenye majimbo yasiyokagua, wanafunga Duraspark ya zamani (mfumo wa cheche wa Ford usiotegemea kompyuta), inakubali vizuri tu. Lakini sio California.

Kisiki85 kabla hujanunua kitu kingine chochote, umesoma kodi za makosa kwenye kompyuta ya gari?

#5 Kisiki85 (Sacramento)
Asante dada. Kodi gani wakati gari ni ya 1985, haina ile plagi ya kuchomeka mashine. Kwenye duka la spea waliniambia haiwezekani.

#6 DadaSpana (Houston)
Hao wanaongelea soketi ya OBD-II iliyoanza kuwa lazima 1996. Yako ina ya kwake. Tafuta ndani ya boneti plagi kubwa ya matundu sita yenye umbo kama la pembe, na pembeni yake kuna kiplagi kidogo cha waya mmoja kinaning'inia. Huyo mmoja unamuunga kwa kiwaya na tundu la ati (waya wa hasi) ya sensa la kwenye ile plagi kubwa. Halafu chukua multimita ya mshale, sio ya namba, waya mwekundu kwenye betri chanya na mweusi kwenye tundu la kutoa kodi. Washa swichi bila kupiga stata. Mshale utakuwa unaruka, unahesabu. Miruko 2, kapumziko, mruko 1, hiyo ni 21. Ukipata 11 maana yake safi. Baada ya hapo unaruka mara moja peke yake kama alama ya kutenganisha, kinachofuata ni kumbukumbu ya makosa ya nyuma.

Zima, ipashe moto injini mpaka iive kabisa, kisha rudia ikiwa inanguruma. Mwanzo itaruka mara 3, hiyo sio kosa, inakwambia silinda 6. Andika kila kitu ulete hapa.

#7 mzee_wa_koili (Minneapolis)
DadaSpana amefundishwa akafundishika. Niongeze kidogo kwa vijana mnaoshangaa kwa nini kabureta ikawekewa kompyuta.

Marekani walianza kufunga kataliti, kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, kwenye magari ya modeli ya 1975. Mwanzo zilikuwa za kuunguza CO na mafuta ambayo hayakuungua tu. Baadaye zikaja zile zinazofanya kazi tatu, zinapunguza na oksidi za naitrojeni, na hizo zina masharti magumu, mchanganyiko lazima ucheze kwenye hewa 14.7 kwa petroli 1 kwa uzito. Kabureta ya mkono haiwezi kushika hapo, asubuhi na jioni tu zinatofautiana. Sindano za mafuta zilikuwa ghali, basi wakachukua kabureta ileile wakaitoboa wakaweka solenoidi, yaani vali ya umeme, ya kufungua na kufunga mafuta, wakaweka sensa ya oksijeni kwenye ekzosi imwambie kompyuta mafuta yamezidi au yamepungua. Ilikuwa daraja la kuvukia. Hiyo six ya Ford ilipata sindano 1987, kwa hiyo ya kwako Kisiki ni ya mwisho mwisho wa kipindi hicho.

Mimi niliendesha Caprice ya 1985, V8 ya 305 na kabureta ya Quadrajet ya kompyuta. Solenoidi yake inagonga mara 10 kwa sekunde, unaisikia ukiweka sikio. Ile tulikuwa tunaipima kwa mita ya dweli, inayoonyesha solenoidi inapewa umeme kwa muda gani, unaiweka kwenye silinda 6 hata kama gari ni ya nane, mshale ukicheza cheza katikati kwenye 30 roho inatulia. Ukiganda chini kompyuta inaongeza mafuta, ukiganda juu inayapunguza. Miaka 11 niliendesha ile gari, na ilichokuwa inanisumbua ni mipira ya vakyumu tu. Kisiki anza na mipira.

#8 Mkaa_Mwingi (Nairobi)
Shikamoo mzee. Hii darasa ni ya bure kweli?

#9 mzee_wa_koili (Minneapolis)
Marahaba. Bure kabisa, uliza.

#10 PwaniKwetu (Mombasa)
Salaam aleykum ndugu zangu. Mimi naona mwalichukua mbali jambo hili. Gari yazima ikipata moto, yawaka ikipoa, na Sacramento mwezi wa saba joto lafika nyuzi 40. Hayo ni mafuta yachemka ndani ya kabureta. Injini hiyo naijua, manifodi (mabomba ya chuma ubavuni mwa injini) ya kuingiza hewa na mafuta na ya kutolea moshi zimekaa upande mmoja, kabureta iko juu ya ekzosi kama sufuria juu ya jiko. Ukizima joto lapanda, petroli katika bakuli yachemka yamwagika ndani ya manifodi, ndiyo hiyo harufu. Na petroli ya Marekani ina ethanoli asilimia 10, yachemka upesi zaidi. Weka kizuizi cha joto kinene chini ya kabureta, na bomba la mafuta lisiguse injini. Siku ikizima fungua boneti, mwagia pampu ya mafuta maji ya baridi, ikiwaka mara moja utakuwa umejua.

#11 Tairi_la_Akiba (Portland)
PwaniKwetu joto sawa ila mafuta kuchemka hakuleti moshi mweusi muda wote gari ikitembea. Na kuzima zima mpaka ipoe nusu saa kwenye Ford ya miaka hiyo mtu wa kwanza kumkamata ni moduli ya TFI, kiboksi cha umeme kinachowasha cheche. Ile kijivu imefungwa ubavuni mwa distributa, inapikwa na injini, ikizeeka ikipata moto inakata cheche, ikipoa inarudi kama haijafanya kitu. Niliteseka na yangu miezi minne, nikabadilisha pampu, filta, koili, mpaka swichi ya funguo. Moduli ikamaliza kila kitu. Kuifungua unahitaji soketi nyembamba ya 5.5 mm, zile za kawaida haziingii, na ukifunga mpya lazima upake ile grisi ya kupitisha joto mgongoni, usipopaka haimalizi mwezi.

#12 FundiGerezani (Dar)
Sawa dada #4 kwa habari ya ukaguzi sikujua, huku tunaangalia gari inatembea au haitembei. Lakini jambo moja sitarudi nyuma. Plagi nyeusi masizi makavu kwenye silinda zote 6 ni mafuta mengi na mafuta mengi yanatoka kwenye kabureta, hayatoki angani. Hiyo "iliyokarabatiwa" waliipima floti, lile boya la ndani ya bakuli? Floti ya zamani inakunywa petroli inakuwa nzito, haipandi, sindano ya kuzuia petroli haifungi. Nimekutana na kabureta mpya kwenye boksi floti imekaa kombo. Kisiki toa kifuniko, pima urefu wa floti, itikise sikioni usikie kama ina kitu ndani.

#13 Kisiki85 (Sacramento)
Nimerudi. Nilikuwa na mzigo wa kupeleka Stockton nikazima mara mbili njiani, nimechoka.

Kodi nimesoma kama dada alivyoelekeza, kiplagi kilikuwa kimefungwa teipu nyuma ya mpira. Bila kuwasha: 11. Kwenye kumbukumbu: 41 na 14. Ikiwa inanguruma: 3, halafu 41.

Floti nimefungua, urefu uko sawa na karatasi ya kiti cha ukarabati, haina kitu ndani. Sindano inafunga, nimepuliza kwa mdomo haipiti hewa.

#14 Tairi_la_Akiba (Portland)
14! Hiyo ni ishara ya PIP imekatika katika, ile sensa ya ndani ya distributa inayoiambia kompyuta injini inazunguka. Inaambatana na TFI moja kwa moja. Nilisema.

#15 Mkaa_Mwingi (Nairobi)
Na 41 ni nini?

#16 DadaSpana (Houston)
41 ndio imenishika. 41 maana yake sensa ya oksijeni inasema mafuta ni kidogo, muda wote. 42 ndio mafuta mengi. Sasa plagi nyeusi, moshi mweusi, CO juu, halafu sensa inasema mafuta hayatoshi. Kompyuta inaiamini sensa, inaongeza mafuta, sensa bado inalia hayatoshi, inaongeza tena mpaka mwisho wa uwezo wake. Ndio maana asubuhi ni safi. Injini ikiwa baridi kompyuta haimsikilizi huyo, inatumia hesabu zake za kichwani. Ikishaiva inaanza kumsikiliza na hapo ndipo mambo yanaharibika. Dakika 20 zako zinaingia hapo vizuri kabisa.

Kwa hiyo FundiGerezani uko sahihi kwamba mafuta yanatoka kwenye kabureta, ila anayeyaagiza ni mwingine.

Nani anadanganya? Ama sensa yenyewe imekufa, ama kuna hewa safi inaingia kwenye ekzosi kabla ya sensa. Hizo six zinajulikana kwa manifodi ya ekzosi kupasuka. Ufa unavuta hewa kati ya mapigo ya moshi, sensa inaona oksijeni inasema hewa nyingi. Halafu kuna pampu ya hewa inayozungushwa na belti, injini ikishaiva inatakiwa hewa yake ielekezwe kwenye kataliti, vali ya kugeuza ikiganda inaendelea kupuliza juu ya sensa.

Kisiki weka multimita ya namba kwenye waya wa sensa injini ikiwa moto. Nzima inaruka ruka kati ya volti 0.1 na 0.9. Niambie yako.

#17 FundiGerezani (Dar)
Hilo la anayeagiza ni mwingine nimelikubali dada 🤝

#18 mzee_wa_koili (Minneapolis)
Mipira ya vakyumu bado hakuna aliyenijibu. Kuna sensa ya MAP, inayopima vakyumu ya manifodi, kiboksi kimefungwa kwenye ukuta wa injini na mpira mmoja unatoka kwenye manifodi. Mpira huo ukipasuka kompyuta inadhani umekanyaga mafuta mpaka chini unapanda mlima na mzigo, inaongeza petroli. Hiyo sensa haitoi volti ya kupanda na kushuka kama za GM, inatoa mapigo, inapimwa kwa Hz. Usawa wa bahari injini ikiwa haijawashwa ni kama 159. Ikiwa kwenye sailensa na vakyumu nzuri inashuka mpaka mia na kitu, kama 105 au 110.

#19 DadaSpana (Houston)
Mzee kwa heshima zote, MAP ikidanganya mafuta yakazidi sensa ya oksijeni ingeyaona tungepata 42, si 41.

#20 mzee_wa_koili (Minneapolis)
Kama sensa ni nzima, mwanangu. Umesema mwenyewe inaweza kuwa imekufa. Na ikiwa kuna ufa na mpira pia? Gari ya miaka arobaini haiumwi ugonjwa mmoja.

#21 Kisiki85 (Sacramento)
Nimepima leo jioni baada ya kazi. Sensa ya oksijeni injini moto imekaa volti 0.12, haicheki. Nikakumbuka ya hewa, nikabana mpira wa pampu ya hewa kwa koleo. Ikapanda mpaka 0.4, ikashuka 0.2, ikapanda tena, ikawa inahangaika huko chini. Haijafika 0.9.

MAP kabla ya kuwasha 158 Hz. Ikiwa kwenye sailensa 128.

Mpira wa MAP nimeuvuta nione, umevunjika mkononi kama biskuti.

#22 mzee_wa_koili (Minneapolis)
Haya.

#23 Mkaa_Mwingi (Nairobi)
"Haya" ya mzee hiyo ina uzito kuliko post zote 😂😂

#24 PwaniKwetu (Mombasa)
Mipira hiyo huuawa na hiyo ethanoli pia, hukausha.

#25 Tairi_la_Akiba (Portland)
Mpira wa MAP hauguswi na petroli, hupita vakyumu tu. Huo umeuawa na joto na umri. Ethanoli inakula mipira ya mafuta.

#26 PwaniKwetu (Mombasa)
Nimekubali, umenisahihisha.

#27 Mkaa_Mwingi (Nairobi)
Kwani ethanoli ni kitu mpya? Hapa Kenya miaka ya 80 petroli ilikuwa inachanganywa na spiriti ya miwa kutoka Muhoroni. Baba yangu alikuwa na pikapu ya Datsun, mpaka leo anaongea vile iliharibu floti yake.

#28 FundiGerezani (Dar)
Spiriti kwenye tenki la zamani kwanza huosha uchafu wote uliolala chini unaupeleka kwenye kabureta. Gari ya jirani mzee iliyokaa bila kutembea, tenki lake lina nini ndani? Kisiki filta ya mafuta ulibadilisha lini?

#29 Kisiki85 (Sacramento)
Filta ni ya miezi miwili. Mpira wa MAP nimeweka mpya, dola chache tu duka la spea. Nimebadilisha na mipira mingine mitano niliyoikuta migumu, nikafuata mchoro wa stika chini ya boneti. Sasa kwenye sailensa MAP inasoma 109. Moshi mweusi umepungua sana jamani, kabini hainuki tena. Nilikuwa na hamu ya kuandika nimemaliza.

Lakini 41 imerudi nilivyorudia kipimo. Na jana nikitoka kumhamisha mtu Elk Grove, mzigo kamili, joto 38, ikazima taa nyekundu ileile. Nilikaa dakika 35 na mteja kwenye kiti cha pembeni, mama mzima mwenye mtoto, nikamnunulia maji. Siku kama hizo zinaniumiza kuliko hela.

#30 DadaSpana (Houston)
Pole sana kaka. Basi tutenganishe, una matatizo mawili, la mafuta na la kuzima. Kodi 41 ni la kwanza, kuzima ni la pili, na yanaweza yasihusiane kabisa.

La 41: washa ikiwa baridi kabisa asubuhi, tochi mkononi, angalia manifodi ya ekzosi yote mpaka inapoungana na bomba. Ufa unaacha mstari wa masizi meusi, na injini baridi unasikia tik tik tik inayopotea ikipata moto chuma kikitanuka. Na uone kama sensa yako ni ya waya mmoja, hizo hazina hita, kwenye sailensa ndefu zinapoa zinaacha kusoma. Isome ukiwa umeishika kwenye mzunguko 2,000 hivi dakika mbili.

La kuzima: siku ikizima usikae tu. Tembea na plagi moja ya akiba na waya. Chomoa waya wa plagi, weka plagi yako, igusishe chuma, mtu apige stata. Halafu toa mfuniko wa filta ya hewa, vuta mafuta kwa mkono utazame ndani ya mdomo wa kabureta kama inarusha petroli. Hamna cheche ni TFI au PIP, hamna petroli ni mafuta. Kuwa makini usijaribu cheche karibu na mdomo wa kabureta, mmoja mmoja, na harufu ikiwa kali acha kabisa.

#31 Tairi_la_Akiba (Portland)
Mimi ningenunua moduli leo nikamaliza. 14 iko kwenye kumbukumbu, unataka ushahidi gani?

#32 DadaSpana (Houston)
14 inaweza kuwekwa na PIP, na waya uliochubuka, na ati iliyolegea karibu na betri. Ameshanunua kabureta moja bila ushahidi.

#33 FundiGerezani (Dar)
Hapo kwenye ati naunga mkono asilimia mia. Waya wa ati wa kompyuta ukishika kutu gari inafanya vitu vya kichawi.

#34 Kisiki85 (Sacramento)
Ati zote mbili za betri nimekwangua na kubana, na ile nyembamba ya kompyuta pia, ilikuwa na ukungu wa kijani.

Asubuhi nimeangalia manifodi. Kuna mstari wa masizi karibu na silinda ya 6, mrefu kama kidole, na tik tik naisikia. Sensa ni ya waya mmoja. Kwenye 2,000 na mpira wa hewa nimeubana inafika 0.6, nikiuachia inaanguka 0.1. Kwa hiyo sijui nimlaumu nani, ufa au pampu ya hewa.

#35 DadaSpana (Houston)
Ukiubana inapanda, hiyo ni vali ya kugeuza hewa. Pima kama kompyuta inaipa vakyumu injini ikiwa moto.

#36 mzee_wa_koili (Minneapolis)
Ukiubana inapanda lakini haifiki 0.9, hiyo ni ufa.

#37 FundiGerezani (Dar)
Au sensa imechoka ndio maana haifiki, imeoga masizi ya mwaka mzima. Manifodi ya chuma cha kutupwa huku tungechomea kwa fimbo za nikeli, unaipasha kwanza kwa moto polepole, unachomea, unaifukia kwenye majivu ipoe usiku mzima. Ukiipoza haraka inapasuka pembeni ya pale ulipochomea.

#38 Mkaa_Mwingi (Nairobi)
Kila mtu ana yake na wote mnaongea ukweli, mimi nimeshika kichwa.

#39 Kisiki85 (Sacramento)
Imezima leo tena. Safari hii nilikuwa tayari. Plagi ya akiba: cheche ipo ila ya manjano, nyembamba, mara inakuja mara haiji. Nikaangalia kabureta, nikavuta mafuta kwa mkono, inarusha kidogo sana, kama mate, halafu mara ya pili hakuna kitu. Nikamwagia pampu maji ya baridi kama PwaniKwetu alivyosema, nikasubiri dakika 5, haikuwaka. Dakika 20 ikawaka.

#40 Tairi_la_Akiba (Portland)
Cheche ya manjano inayokuja na kupotea. TFI.

#41 PwaniKwetu (Mombasa)
Na petroli haipo kabisa katika bakuli, mbona hilo waliruka? Mafuta yamechemka yakaisha.

#42 Tairi_la_Akiba (Portland)
Yangechemka kwenye bomba maji ya baridi yangeiwasha. Ulisema mwenyewe #10.

#43 FundiGerezani (Dar)
Cheche ya manjano inaweza kuwa betri, amepiga stata mara ngapi hapo barabarani? Volti zikishuka chini ya 10 cheche inakuwa hivyo hivyo. Kisiki ulipima betri wakati stata inazunguka?

#44 Kisiki85 (Sacramento)
Sikupima. Nilikuwa peke yangu, niliomba kijana wa kituo cha mafuta anipigie stata.

#45 NjiaPanda_72 (Columbus)
Habari zenu, nimesoma uzi wote tangu mwanzo, nimejifunza mengi, asanteni. Mimi nilikuwa na F-250 ya miaka hiyohiyo, sio mtaalamu, nina swali dogo tu. Kisiki umesema ina matenki mawili. Ikizima huwa swichi iko kwenye tenki la mbele au la nyuma?

#46 Kisiki85 (Sacramento)
Sijawahi kuangalia hilo.

Ngoja. La mbele huwa naliacha la akiba, nikiwa na mzigo najaza la nyuma maana ndio kubwa. Stockton nilikuwa la nyuma. Elk Grove la nyuma. Leo la nyuma. Asubuhi nikienda kazini bila mzigo natumia la mbele, na asubuhi haijawahi kuzima.

#47 DadaSpana (Houston)
Kisiki usiguse kitu kingine chochote. Kesho weka la mbele, pakia mzigo, toka saa nane mchana joto likiwa juu, na plagi ya akiba mfukoni.

#48 Tairi_la_Akiba (Portland)
Na cheche ya manjano je?

#49 Kisiki85 (Sacramento)
Kesho nina kitanda na friji kupeleka Roseville saa nane na nusu. Natoka na tenki la mbele. Multimita nimeiweka kwenye kiti.